Kumwandaa Kijana Asiyeona au Asiyesikia kwa Maisha ya Utu Uzima: Mwongozo kwa Wazazi, Walezi na Walimu

Maana na hoja ya mwongozo

Ulemavu wa milango ya fahamu, kwa maana inayotumika hapa, ni upungufu wa kudumu wa kuona, wa kusikia au wa vyote viwili, ambao hubaki hata baada ya tiba na miwani kufanya kazi yake, na ambao huathiri namna mtu anavyopata habari, anavyotembea na anavyowasiliana na wenzake. Ndani ya maana hiyo wamo wasioona kabisa, wenye uoni hafifu, yaani wale waliobaki na kiasi cha kuona kisichotosha kusoma maandishi ya kawaida au kutambua uso wa mtu kwa mbali (wengi wenye ualbino wamo katika kundi hili), viziwi, wenye usikivu hafifu, na viziwi wasioona, ambao milango yote miwili imeathirika kwa pamoja. Kipindi cha mpito, nacho, ni miaka ile ambayo kijana hutoka chini ya uangalizi wa shule na wazazi na kuingia katika maisha anayoyaamulia mwenyewe, yaani kazi, makazi, fedha, ndoa na wajibu wa uraia.

Hoja kuu ya mwongozo huu ni kwamba kinachomkwamisha kijana huyo si jicho wala sikio peke yake, bali ni mazoea ya kufanyiwa kila jambo na kuamuliwa kila neno mpaka anapotimiza miaka 18, kisha kutakiwa ghafla ajitegemee. Tatizo hilo huongezeka makali pale ambapo kijana amesoma shule ya bweni ya wenye ulemavu. Shule za namna hiyo, kama ile ya wasioona ya Buigiri mkoani Dodoma au ile ya Thika nchini Kenya iliyoanzishwa mwaka 1946, zimewapa vizazi vingi elimu ambayo wasingeipata kwingine; lakini mwanafunzi aliyekaa huko tangu utotoni hurudi nyumbani akiwa mgeni, asiyeijua njia ya dukani, na ikiwa ni kiziwi, asiyekuwa na hata mtu mmoja wa kuongea naye kwa alama. Kwa sababu hiyo utu uzima hauna budi kukabidhiwa kidogo kidogo, kwa miaka kadhaa, na kazi ya mzazi na mwalimu ni kuyapanga makabidhiano hayo mapema.

1. Kupima upya kabla ya kupanga

Mpango wowote hutanguliwa na vipimo vipya, kwa kuwa hali aliyopimwa nayo mtoto alipoanza darasa la kwanza huenda si hali aliyonayo akiwa na miaka 14. Mwenye uoni hafifu apimwe ili ijulikane ni ukubwa gani wa maandishi, mwanga kiasi gani na lenzi ya aina gani vinamwezesha kusoma bila kuchoka. Mwenye usikivu hafifu apimwe ili ijulikane kama shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, kinamsaidia kufuata mazungumzo au kinamletea kelele tu. Kijana mwenye ualbino anahitaji pamoja na hayo uchunguzi wa ngozi, na katika kuchagua fani afikiriwe kazi isiyomweka juani kutwa, kwa sababu saratani ya ngozi humtishia zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Ipo dalili moja ambayo wazazi wa watoto viziwi huichukulia kuwa uzembe. Kijana kiziwi anayeanza kujikwaa giza linapoingia, au anayegonga watu na vitu vilivyo pembeni yake, apelekwe kwa daktari wa macho bila kuchelewa, kwani huenda ana ugonjwa wa Usher, ugonjwa wa kurithi uliopewa jina la daktari Mskoti Charles Usher, ambao huunganisha uziwi wa kuzaliwa na uoni unaopungua polepole kuanzia utotoni au ujanani. Kuujua mapema humpa kijana miaka ya kujifunza fimbo nyeupe na alama za kugusana mikono wakati bado anaona, na humwepusha kuchagua kazi ambayo ataiacha njiani.

Ripoti za vipimo hivyo zitunzwe nakala zake, kwa maana zitadaiwa tena na tena katika maombi ya mitihani, ya mikopo ya masomo na ya ajira.

2. Kuandika mpango wa mpito

Mpango wa mpito ni maandishi mafupi yanayoeleza kijana anataka kufika wapi, na nani atafanya nini ili afike. Nchini Marekani sheria huitaka shule iwe na mpango huo kwa kila mwanafunzi mwenye ulemavu si zaidi ya umri wa miaka 16. Hata hivyo, kwa nchi za Afrika Mashariki, ambako wengi huachana na shule baada ya darasa la saba au kidato cha nne, ni busara kuanza kijana akiwa na miaka 12 hadi 14. Karatasi moja inatosha, ikiwa na mambo manne: anachokitaka kijana, anachoweza kukifanya peke yake sasa, atakachojifunza mwaka huu pamoja na jina la atakayemfundisha, na tarehe ya kukutana tena ili kuona kilichofanyika.

Kikao cha kuuandika mpango huo kihudhuriwe na mzazi, mwalimu, ndugu mmoja wa umri wa kijana na, inapowezekana, mtu mzima mwenye ulemavu wa aina hiyohiyo anayejitegemea. Mtu huyo hupatikana kupitia vyama vyenyewe, kama vile Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, au Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, na kuwapo kwake huwafundisha wazazi jambo ambalo hakuna mhadhara unaoweza kulifundisha, maana wazazi wengi hawajawahi kumwona kiziwi mwenye nyumba yake au asiyeona anayelea watoto. Kijana ndiye aanze kusema, na ndiye abaki na nakala anayoweza kuisoma mwenyewe: kwa nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu sita yasomwayo kwa ncha za vidole, kwa maandishi makubwa, au kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu.

Katika kupanga mambo ya kujifunza, msaada mkubwa hupatikana katika orodha iliyotokana na kazi ya mwalimu Mmarekani Phil Hatlen, ambaye mwaka 1996 alieleza kuwa mtoto asiyeona anahitaji, zaidi ya masomo ya kawaida, kufundishwa kwa makusudi mambo ambayo wenzake huyaokota kwa kutazama. Leo mambo hayo huhesabiwa kuwa tisa: njia za kusoma na kuandika, utembeaji, mahusiano na watu, kazi za nyumbani, burudani, maandalizi ya kazi, vifaa saidizi, matumizi ya fahamu zilizobaki, na uwezo wa kujiamulia. Ingawa orodha hiyo ilitungwa kwa ajili ya wasioona, sehemu kubwa yake humfaa pia kiziwi, ambaye hakosi picha ya mambo bali hukosa maelezo yake.

3. Stadi za kila siku

Stadi ya kwanza kwa asiyeona ni kutembea peke yake kwa fimbo nyeupe. Fimbo hupimwa kwa mwili wa mwenye kuitumia: ikisimamishwa wima mbele yake, mpini hufika kwenye mfupa wa kidari. Mbinu inayofundishwa hadi leo ilibuniwa na Richard Hoover nchini Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mshika fimbo huipeleka ncha kushoto anapotanguliza mguu wa kulia, na kulia anapotanguliza mguu wa kushoto, katika upana unaozidi mabega kidogo, ili ncha iwe daima imekwisha kukagua mahali ambapo mguu unaofuata utakanyaga. Njia zifundishwe moja moja, kuanzia zile zenye haja, kama kwenda dukani, msikitini au kanisani, kwenye zahanati na kwenye kituo cha daladala. Na kwa kila njia mfundishaji aanze kwa kutembea sambamba na kijana, kisha nyuma yake kwa hatua kadhaa, na mwishowe amsubiri mwisho wa safari. Mzazi atakayeshindwa kuvumilia hatua hiyo ya tatu atakuwa ameufuta mpango wote.

Stadi ya pili ni fedha. Asiyeona huzitambua noti kwa kuzikunja kwa utaratibu asioubadilisha: kwa mfano, noti ya shilingi 1,000 huachwa bila kukunjwa, ya 2,000 hukunjwa mara moja kwa upana, ya 5,000 kwa urefu, na ya 10,000 kwa upana na urefu pia. Chenji ihesabiwe noti kwa noti, muuzaji akitaja thamani yake, na kila noti ikunjwe papo hapo kabla ya kuingia mfukoni. Kwa upande wa fedha za kwenye simu, kijana afundishwe kutumia simu ya kisasa yenye programu ya kusoma skrini, yaani programu inayotamka kila kilichoandikwa, kama TalkBack iliyomo katika simu za Android, na atumie visikizi ili namba zake zisisikiwe na watu. Namba ya siri asipewe wakala, jirani wala ndugu. Mzazi naye asiijue, kwani kijana ambaye akiba yake inaweza kufunguliwa na mtu mwingine bado hajakabidhiwa kitu.

Jikoni, vyombo vinavyofanana hutofautishwa kwa alama za kugusa, kwa mfano mpira mmoja wa kufungia ukivishwa kopo la chumvi na miwili kopo la sukari, na kila kitu hurudishwa mahali pake na watu wote wa nyumba. Kwa kijana kiziwi kazi za mikono mara nyingi si tatizo. Linalopaswa kupangwa ni tahadhari, yaani simu yenye mtetemo chini ya mto kwa ajili ya kuamka, taa inayowaka mgeni anapobonyeza kengele, na makubaliano na jirani au mjumbe wa mtaa kuhusu ujumbe mfupi wa maneno utakaotumwa wakati wa moto, wizi au ugonjwa, kwa kuwa kupiga simu ya dharura hawezi.

4. Lugha, habari na nafasi katika ukoo

Lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake, na si Kiswahili kinachochorwa hewani. Ndiyo maana kiziwi aliyekulia katika lugha ya alama hukiendea Kiswahili cha kuandika kama lugha ya pili, na makosa yake ya viambishi hayaonyeshi upungufu wa akili. Kwa vile waajiri, hospitali na ofisi za serikali huwasiliana kwa maandishi, kijana azoezwe kila siku kuandika jumbe zenye shughuli halisi, kama vile kuuliza bei, kuomba ruhusa, kueleza maumivu na kulalamikia huduma, na asahihishwe kwa upole. Familia nayo ijifunze alama, na likizo zote za shule zitumike kwa kazi hiyo, kwani kijana anayerudi kwenye nyumba isiyo na lugha yake huyapoteza mazungumzo, na pamoja na mazungumzo huzipoteza habari zote ambazo wenzake huzipata wakati wa kula.

Hasara hiyo huonekana wazi katika vikao vya ukoo. Kiziwi huketi saa nyingi kati ya wajomba na shangazi zake wanaojadili posa, mirathi au msiba, na anapouliza kinachosemwa huambiwa kwamba ataelezwa baadaye. Baadaye hiyo ikifika huelezwa kwa sentensi moja. Ndugu mmoja apewe jukumu la kumfasiria kikao kinapoendelea, na msemaji ampe nafasi ya kutoa neno lake kabla uamuzi haujafungwa. Vivyo hivyo, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtu mzima hutambuliwa kwa mchango wake katika harusi na misiba. Kwa hiyo jina la kijana liandikwe kwenye daftari la michango mara tu anapopata kipato, hata kama fungu lake ni dogo, maana asiyetajwa katika daftari hilo huendelea kuhesabiwa kuwa mtoto hadi uzeeni.

Kwa asiyeona, simu na kompyuta hazikuondoa haja ya nukta nundu. Sauti humsomea habari, lakini ni vidole vinavyomwonyesha tahajia, alama za uandishi na mpangilio wa hesabu, na aliyeacha kuzisoma akiwa na miaka 14 hujikuta mtu mzima asiyejua namna maneno anayoyatumia yanavyoandikwa. Katika kompyuta, programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA ni ya bure, na kitoa sauti kilichomo ndani yake husoma Kiswahili pia.

5. Mitihani na mafunzo ya ufundi

Mzazi ahakikishe mapema, kupitia mkuu wa shule, kwamba baraza la mitihani limearifiwa kuhusu ulemavu wa mtahiniwa. Tanzania, Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Haki hizo humfaa aliyezizoea. Hivyo mitihani ya majaribio shuleni ifanywe kwa utaratibu huohuo.

Baada ya shule, kijana ana njia mbili: vyuo vya ufundi vya watu wote, kama vile vya VETA, au vyuo vilivyoandaliwa kwa ajili ya wenye ulemavu, kama Yombo jijini Dar es Salaam na, kwa upande wa Kenya, chuo cha ufundi cha viziwi cha Karen, kile cha wasioona cha Machakos, na cha Sikri kinachopokea makundi yote mawili. Uamuzi usiongozwe na ukaribu wa chuo peke yake. Kabla ya kujiandikisha, kijana mwenyewe aulize kama kuna mkalimani wa lugha ya alama katika karakana na si darasani tu, kama vitabu vinapatikana kwa njia anayoweza kuisoma, na wahitimu waliomtangulia wanafanya kazi wapi. Kwa muda mrefu viziwi wamesukumwa kwenye cherehani na useremala, na wasioona kwenye ufumaji wa vikapu na mikeka; fani hizo ni za heshima kwa aliyezipenda, lakini ni dhuluma kwa aliyepangiwa bila kuulizwa.

6. Kazi ya kuajiriwa na ya kujiajiri

Tafiti zilizofanywa Marekani kuhusu vijana wasioona zimeonyesha kwamba aliyewahi kufanya kazi ya malipo akiwa bado mwanafunzi ana nafasi kubwa zaidi ya kuajiriwa baadaye. Kwa hiyo likizo zisipite bure: kijana auze dukani kwa ujira, ahudumie kuku wa jirani, au ashike kazi ya kufua na kupiga pasi, na ujira huo uwe wake. Kuwahi kazini, kuagizwa na mtu asiye mzazi, na kukosolewa bila kuonewa huruma ni mafunzo ambayo hayapatikani nyumbani.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 humtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Zanzibar ina sheria yake, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka lengo la angalau asilimia 5 katika nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa za umma. Sheria pekee haimfungulii kijana mlango, kwa kuwa waajiri wengi hukataa kwa kutojua kazi itafanywaje. Dawa yake ni kijana kwenda kwenye usaili akiwa ameichambua kazi hiyo hatua kwa hatua, na kueleza marekebisho stahiki anayoyahitaji, yaani mabadiliko ya vifaa, muda au utaratibu yasiyomlemea mwajiri: seremala kiziwi hutambua hitilafu ya mashine kwa mtetemo wa mkononi na huhitaji taa badala ya king'ora, karani asiyeona huhitaji kompyuta yenye programu ya kusoma skrini na nyaraka zilizochapwa badala ya zilizoandikwa kwa mkono. Mkalimani anapokuwapo, msaili amtazame na kumsemesha kijana, si mkalimani.

Kwa anayetaka kujiajiri Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Masharti ya sasa huulizwa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kijana aende kuuliza mwenyewe, mzazi akiwa msindikizaji. Kenya, hatua ya kwanza ni kujisajili katika Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, kwa kuwa huduma nyingi hudai usajili huo.

7. Hati, maamuzi na faragha

Kijana akikaribia miaka 18, cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi na maombi ya kitambulisho cha taifa yaandaliwe, kwani bila hati hiyo hasajili laini ya simu wala hafungui akaunti ya benki. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika Ibara ya 12 kwamba mwenye ulemavu ni sawa na wengine mbele ya sheria, na katika Ibara ya 23 kwamba ana haki ya kuoa au kuolewa na kuwa na familia kwa ridhaa yake. Kwa maana hiyo mzazi humsaidia kijana kuamua, wala haamui kwa niaba yake. Hati inayotiwa saini isomwe yote mbele ya asiyeona na mtu aliyemchagua mwenyewe; na mpiga kura anayehitaji msaada aongozane na mtu anayemwamini, si aliyeteuliwa na familia.

Faragha ya mwili hudai uangalifu mkubwa zaidi. Elimu ya hedhi, ujauzito, magonjwa ya zinaa na ukatili wa kijinsia itolewe kwa alama zilizo wazi kwa kiziwi, na kwa vinyago na maelezo kamili kwa asiyeona, kwa sababu vyanzo vya kawaida vya elimu hiyo, yaani mabango, redio na mazungumzo ya rika, huwapita wote wawili kwa namna tofauti. Hospitalini, ndugu asigeuzwe mkalimani wa mambo ambayo kijana asingependa ndugu ayajue. Mkalimani mwenye kiapo cha kutunza siri atafutwe kupitia chama cha viziwi.

8. Kiziwi asiyeona

Kijana ambaye haoni wala hasikii huhitaji hayo yote kwa mwendo wa polepole zaidi, na huhitaji mtu wa kumuunganisha na ulimwengu kwa alama za kugusana mikono, ambapo msikilizaji huweka viganja vyake juu ya mikono ya anayeongea. Shule ya msingi ya Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazofundisha watoto wa kundi hili. Kazi za utaratibu usiobadilika humfaa: kulisha mifugo, kupanga bidhaa, kusuka. Hata akihitaji msaidizi maisha yake yote, bado achague nguo atakayovaa, chakula atakachokula, na kwa kadiri inavyowezekana, achague msaidizi mwenyewe.

Kipimo cha mafanikio

Si sahihi kumpima kijana kwa wingi wa mambo anayoyafanya bila msaada, kwa kuwa hakuna mtu mzima asiyesaidiwa. Kipimo kinachofaa ni kama yeye ndiye anayeomba msaada, anayemchagua wa kumsaidia, anayeukataa asipoutaka, na ambaye naye hutafutwa na wengine wanapokuwa na shida. Mzazi aliyefika mwisho wa mwongozo huu achague jambo moja analomfanyia mtoto wake kila siku, amfundishe kulifanya, ataje tarehe ya kuliacha, na tarehe hiyo ikifika aliache kweli.